Kisanduku Kisicho na Ufunguo

Wako mafundi nchini Japani wanaotengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kufuli, wala ufunguo, wala bawaba inayoonekana, na bado kikamshinda mtu kukifungua mchana kutwa. Wenyewe hukiita himitsu-bako, maana yake sanduku la siri. Chimbuko lake ni milima ya Hakone, kusini-magharibi ya Tokyo.

Hakone palikuwa mapito ya wasafiri. Njia kuu ya Tokaido, iliyounganisha Kyoto na Edo, ndiyo Tokyo ya leo, ilipanda milima hiyo, na mwaka 1619 pakawekwa kituo cha ukaguzi. Walinzi wake walikuwa wakali hasa kwa wanawake waliotoka Edo. Wake wa watawala wa mikoa waliwekwa mjini humo kama rehani ya utiifu wa waume zao, hivyo mwanamke hakupita ila kwa hati, na baada ya kupekuliwa. Wasafiri waliopumzika katika vijiji vya jirani walinunua vitu vya mbao viwe kumbukumbu ya safari. Katika kijiji kimoja, Hatajuku, aliishi fundi Ishikawa Nihei (1790–1850), anayetajwa kuwa mwanzilishi wa nakshi ya yosegi, ambayo mpaka leo ndiyo vazi la visanduku hivi.

Nakshi hiyo haina rangi ya kupaka. Kila mti una rangi yake ya asili: huu mweupe, ule wa manjano, mwingine wa kahawia. Fundi hukata vijiti vya miti mbalimbali, akaviunga kwa gundi, akavikata na kuvipanga tena, hata nakshi ikaenea ndani ya gogo zima. Kisha huchukua randa na kuambua utando mwembamba mfano wa karatasi, akaubandika juu ya kisanduku.

Ama siri yenyewe imo katika kuta. Zimeundwa kwa vipande vinavyoshikana kwa mifereji na ndimi zilizofichwa ndani. Ukisukuma kipande cha ubavu mmoja milimita chache, unakipa nafasi kipande cha ubavu wa pili. Hicho kikisogea, kingine nacho hupata njia, mpaka mwisho mfuniko uteleze. Vilivyo vyepesi hufunguka kwa hatua 4, vingine kwa 10 au 21, na viko vya hatua 72 na zaidi. Ukikosea mpangilio, hakuna kinachovunjika. Hakuna tu kinachokwenda. Anayekiharibu ni yule anayetumia nguvu. Na kukifunga ni kuzirudia hatua zile zile kinyumenyume, bila kuruka hata moja.

Kazi hii haitaki pupa tangu mwanzo. Mbao zisipokauka barabara hubadilika umbo baadaye, na ubao uliofura kidogo tu hutosha kukifanya kisanduku kigome. Ndiyo sababu fundi huziacha zikauke kwa muda mrefu kabla ya kuzigusa.

Mwaka 1984 serikali ya Japani iliitambua yosegi ya Hakone kuwa kazi ya jadi ya kuenziwa. Hata hivyo heshima peke yake hailei mwanafunzi. Wanaoweza kuunda kisanduku cha hatua nyingi ni wachache, na ujuzi wao umo mikononi zaidi kuliko vitabuni. Mwenye kisanduku akisahau mpangilio, anaweza kuketi na kujaribu tena hadi akapata. Fundi akiondoka bila kumfunza mtu, hakuna wa kujaribu kwa niaba yake. Baadhi ya mafundi, akiwemo Akio Kamei, wamejiunga katika kikundi cha Karakuri kubuni visanduku vya mitindo mipya, ili ujuzi huo upate warithi.

Akina mama na akina baba, hapa ndipo penye la kuzingatia. Majumbani mwetu pia mna mikono inayojua: bibi anayesuka ukili, shangazi anayeshona kofia kwa sindano, na mzee anayechonga mlango. Je, ni mtoto gani aketiye karibu nao akitazama? Samaki mkunje angali mbichi. Mpeni mwana nafasi ya kukaa kando ya anayejua, apewe kazi ndogo, akosee, arudie. Kisanduku cha Hakone hufunguka kwa kusogezwa kidogo kidogo, na mikono ya mtoto ndivyo hivyo hivyo.