Mnunuzi Ajulikanaye kwa Fedha Zake



Vijana wetu huzifuatilia habari za usajili wa wachezaji wa Ulaya kuliko wafuatiliavyo bei ya unga. Na tuwafuate huko huko, kwani soko hilo lina mafunzo ya muamala kwa kila mwenye nyumba.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kipo chema kikaacho pembeni kikimngoja mwenye macho. Januari 2014, Leicester City, iliyokuwa daraja la pili Uingereza, ilimnunua Riyad Mahrez kutoka Le Havre ya daraja la pili Ufaransa kwa pauni zisizofika 500,000. Mwaka 2015 ikamchukua N'Golo Kanté kutoka Caen kwa takriban pauni milioni 5.6, kijana mfupi ambaye miaka miwili nyuma alikuwa akicheza daraja la tatu. Mei 2016 Leicester wakawa mabingwa wa Uingereza. Kanté akauzwa Chelsea mwaka huohuo kwa takriban milioni 30, na Mahrez akaenda Manchester City mwaka 2018 kwa takriban milioni 60.

Hiyo haikuwa bahati tupu. Waliitazama kazi ya mtu, si umbo wala jina lake, na walikwenda mahali ambapo wanunuzi hawajasongamana.

Sasa tutazame upande wa pili. Agosti 2017 Barcelona walilipwa euro milioni 222 kwa Neymar. Kila muuzaji akajua kwamba wana fedha mkononi, wana pengo uwanjani, na wana haraka. Mnunuzi wa namna hiyo hapangi bei, hupangiwa. Wakamnunua Ousmane Dembélé kwa milioni 105 na nyongeza juu yake, kisha Januari 2018 Philippe Coutinho wa Liverpool kwa milioni 120 na nyongeza. Agosti 2020 Coutinho, akiwa ameazimwa Bayern Munich, aliwafunga Barcelona hao hao mabao mawili katika kipigo cha 8-2.

Wanazuoni wa fiqhi wana majina ya maradhi haya. Ghabni ni kupunjwa katika bei. Najshi ni mtu kupandisha bei pasi na nia ya kununua, ili mwenziwe ahadaike, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Wakala avumishaye kwamba klabu tatu zinamgombea mchezaji wake, ilhali hakuna hata moja, ameingia katika mlango huo.

Nasi tusijione tuko mbali. Familia ikiuza kiwanja cha urithi, mtaa mzima hupata habari, na wiki haiishi ila wauza magari wako barazani. Kila mmoja atasema kuna mwingine anayekuja na fedha jioni. Basi, kwanza kila mrithi apewe fungu lake, na la yatima lihifadhiwe. Kisha fedha zikae hadi joto lipoe. Wekeni kikomo cha bei nyumbani, mume, mke na watoto wakubwa, kabla ya kumsikia muuzaji. Naye akikivuka, mwageni kwa salama mwondoke. Gari jingine litapatikana. Kiwanja alichokiacha babu hakirudi.

Wabillahi tawfiq.