Watoto Wafundishwe Kupima Ushahidi

Ndugu wafanyakazi, twakatwa mishahara na kukopa ili watoto wasome, nao warudi nyumbani wakijua kukariri tu. Kitabu kimesema, basi imekwisha.

Tazameni habari ya mifupa ya Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kwa akina Leakey kama mchimbaji tu, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe karibu na Nariokotome, magharibi ya ziwa. (Mtu wa kazi ya mikono, wala si wa digrii, jambo hilo lisisahauliwe.) Walipochimba wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka 1,500,000 iliyopita.

Alikufa ana umri gani? Hapo wataalamu hawakupatana. Waliotazama mifupa ya mwili walisema miaka 12 au 13. Waliotazama meno walisema kama 8. Mifupa ni ile ile! Somo zuri kama hili ni wapi? Mtoto aulizwe meno hukua vipi, mifupa hukua vipi, na kipi kiaminiwe zaidi.

Lakini mwaka 2006 viongozi wengine wa makanisa walipinga mifupa hiyo kupewa mahali pa mbele katika jumba la makumbusho la Nairobi. Tena wako wasemao kwamba darasani kila rai ihesabiwe sawa. Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa, na dini ina kipindi chake shuleni. Katika kipindi cha sayansi, mwenye rai alete ushahidi wake mezani. Wa meno ameleta meno.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Mtu akikohoa kwa vumbi la kiwanda, daktari wa kampuni asema ni sigara. Mwaka 1960 Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walitangaza wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, karibu wote watu waliofikiwa na vumbi la asbesto. Hata hivyo machimbo yale yaliendelea miaka zaidi ya 30. Nani alilipima vumbi, lini, na nani alimlipa? Mtu asiyezoea kuuliza hivyo akiwa darasa la saba hataanza mbele ya meneja.

Basi katika mkutano wa wazazi, baada ya habari za karo na madawati, muulizeni mwalimu mkuu: muhula huu watoto wamepima kitu gani kwa mikono yao wenyewe?