Akibonyeza simu mjini, nani ameinama kwenye pampu nyumbani?

Siku hizi si ajabu mzazi kukuta mezani, kati ya sahani na madaftari, bodi ndogo ya kijani yenye waya nyekundu na nyeusi, na simu ya kitochi iliyokwisha kustaafu ikiwa imechomekwa waya kwenye tundu la iafoni. Mtoto wa sekondari anaipigia kwa simu ya mama. Ile ya kitochi inajipokea yenyewe. Anabonyeza 1, taa ndogo inawaka. Anabonyeza 2, inazima. Mdogo wake anapiga makofi na kutaka zamu yake.

Hapo hakuna intaneti wala mpango wa siri. Ni teknolojia ileile inayotumika mtu anapopiga huduma kwa wateja na sauti ikamwambia, "Kwa Kiswahili, bonyeza moja." Kila kitufe cha simu kina mlio wake, na mlio huo kwa kweli ni milio miwili kwa pamoja. Kitufe cha 5, kwa mfano, ni mlio wa mitetemo 770 kwa sekunde uliochanganywa na wa mitetemo 1336. Safu mlalo ya vitufe ina mlio wake, na safu wima ina wake, hivyo pale zinapokutana ndipo kitufe kinapojulikana. Iliamuliwa iwe milio miwili ili sauti ya mtu, mluzi au redio iliyo karibu isije ikadhaniwa kuwa ni namba. Simu za namna hiyo zilianza kutolewa kwa wateja nchini Marekani Novemba 1963, kuchukua nafasi ya zile za kuzungusha kidole.

Kazi ya bodi ya mtoto ni kusikiliza na kutafsiri. Juu yake kuna chipu, mara nyingi ile inayoitwa MT8870 au ndugu zake, inayopokea milio kutoka kwenye waya wa iafoni na kuitoa kama namba kwa lugha ya kompyuta, yaani washa na zima kwenye waya nne. Seti zake zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na betri chache tu zinatosha kuiendesha. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ameelewa au amefuata picha tu, amuulize kwa nini akibonyeza 0 chipu hutoa kumi. Mtoto aliyeelewa atafurahi sana kuulizwa. (Ile *150*00# ya kutuma pesa ni jambo jingine kabisa, hiyo husafiri kama maandishi, na bodi hii haiwezi kuisikia.)

Kwa hiyo mchezo wenyewe ni mzuri, na mzazi anayeufukuza mezani anamnyima mtoto somo la fizikia ambalo shule nyingi hazina vifaa vya kulifundisha. Kinachotakiwa ni kujua mahali mchezo unapoishia na hatari inapoanzia.

Hatari ya kwanza ni ndogo na inajulikana. Baadhi ya seti huja vipande vipande, na vipande huunganishwa kwa kifaa cha moto kinachofanana na kalamu, chenye joto la zaidi ya nyuzi 300. Waya laini unaoyeyushwa hapo, ule ulioandikwa 60/40, ni sehemu 60 za bati na 40 za madini ya risasi. Moshi mweupe unaopanda hautokani na risasi, bali na utomvu wa miti uliotiwa ndani ya waya. Huo huwasha macho na unaweza kumwamshia pumu mwenye pumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe hupita mikononi. Mtoto anashika waya, kisha anashika chapati. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Meza ya kulia chakula si mahali pake, na mdogo anayetambaa asiwe chini yake kuokota matone yaliyoanguka. Mikono ioshwe kwa sabuni. Pia upo waya usio na risasi, na kwa mtoto anayeanza kuna bodi zilizokwisha kuunganishwa zinazohitaji bisibisi tu.

Akiungua kidole, ni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula na unga vibaki jikoni na bafuni.

Hatari ya pili huja siku mtoto anaposema, "Baba, inaweza kuwasha pampu." Na ni kweli inaweza. Kwenye bodi kuna relei, kijisanduku cha bluu au cheusi kinacholia tik, na juu yake kimeandikwa ampia 10, volti 250. Maandishi hayo huwapumbaza hata watu wazima. Yanahusu vyuma vinavyogusana ndani ya kijisanduku. Hayasemi lolote kuhusu njia nyembamba za shaba zilizo chini ya bodi, wala waya wa iafoni uliopita sentimita moja pembeni, wala pampu yenyewe, ambayo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Upande mmoja wa relei kuna volti 5 ambazo mtoto anazishika bila wasiwasi. Upande wa pili kuna volti 230 za ukutani. Mtoto aliyezoea kugusa bodi hiyo wiki nzima haoni kilichobadilika.

Umeme wa ukutani, basi, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Mtoto aishie kwenye betri, na fundi aweke kati yao swichi ya sumaku ya pampu, ndani ya sanduku lililofungwa, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Mtu akinaswa, azimwe meni swichi kwanza kabla ya kumshika. Na aliyepigwa na umeme wa nyumbani aonwe na daktari hata kama alama kwenye ngozi ni ndogo, kwa sababu ndani inaweza isiwe ndogo.

Lakini hata fundi akifanya kazi yake yote vizuri, bado kuna jambo ambalo waya hazilitatui. Swichi ya ukutani huwashwa na mtu aliyesimama pale. Anaona kama kifuniko kiko wazi, kama maji yamemwagika sakafuni, kama kuna mtoto. Swichi ya simu huwashwa na mtu aliye kwenye daladala. Baba anabonyeza 1 ili akute tangi limejaa, wakati huohuo nyumbani dada ameifungua pampu kuondoa takataka, na mkono wake uko ndani. Hakuna aliyekosea hesabu za milio. Bodi nyingi rahisi hazirudishi jibu, hivyo aliyepiga hajui kama pampu imewaka, inazunguka bila maji, au imegoma.

Mbaya zaidi ni zile ambazo kitufe kimoja huwasha na hichohicho huzima. Simu ikikatika katikati, mpigaji hajui yuko upande gani, anabonyeza tena, na alichokizima kinawaka. Mtoto aombwe atumie vitufe viwili tofauti, 1 ya kuwasha na 2 ya kuzima. Pia aongeze kipima muda kinachozima pampu chenyewe baada ya dakika kadhaa. Bodi rahisi haina namba ya siri. Yeyote anayeijua namba ya ile simu ya kitochi anaweza kuiendesha, pamoja na wanafunzi wenzake watakaotaka kumtania. Hilo linatatuliwa kwa programu fupi, na ni kazi nzuri ya likizo.

Pasi, jiko la umeme na hita ya maji visiingizwe kabisa. Taa ya uwani, kengele na feni ya banda la kuku vinatosha kumfanya mtoto ajione mhandisi.

Kwa pampu, nyumba inayokubali iweke swichi ya mkono palepale ilipo, inayokata umeme wote bila kujali simu inasema nini, kwa urefu ambao dada wa kazi anaufikia. Aonyeshwe yeye kwanza namna ya kuizima, kabla ya baba kuonyeshwa namba ya kupiga. Naye anayetaka kuwasha kutoka mbali apige kwanza simu ya nyumbani, asikie sauti ya mtu ikimjibu kwamba hakuna aliye karibu na pampu, ndipo apige ile ya kitochi.