Tupeni Jina la Meli

"Meli imezunguka." Hilo ndilo jibu tunalopewa hapa Kinoru, Meru, kwa kila kitu. Bei ya avokado imeshuka? Meli imezunguka. Bei ya mtumba imepanda soko la Gakoromone? Meli imezunguka. Gari tulilolipia Japani halijafika? Hilo nalo, eti meli imezunguka.

Hatubishi kwamba bahari ilichafuka. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader, na mwezi uliofuata kampuni kubwa za meli, Maersk na MSC zikiwemo, zikaacha kupita Bab el Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Avokado zetu za Hass zilizokuwa zikipandia Mfereji wa Suez kwenda Rotterdam zikateremshwa kusini hadi Rasi ya Tumaini Jema, ndipo zipande Atlantiki. Hiyo ni nyongeza ya wiki mbili hivi. Tunda lililochumwa bado linapumua, hata ndani ya kontena la baridi, na likikawia mno linafika nyama imegeuka kahawia. Mnunuzi wa Ulaya anakata bei, mpeleka bidhaa anakata, dalali anakata, mpaka makato yote yanamwangukia mama wa Imenti mwenye miti yake michache. Nauli iliyoongezeka analipa yeye. Tunda lililooza analipa yeye.

Naye haambiwi lolote analoweza kulithibitisha. Dalali anashusha kreti, anageuza tunda moja moja mkononi, yenye mkwaruzo anayatupa kando, anataja bei. Ukimuuliza mzigo wa mara iliyopita ulipanda meli gani, anakutazama kana kwamba umemtukana.

Vijana wetu wanajua mengi kuliko anavyodhani. Meli kubwa ya safari za kimataifa inalazimika kuwa na mtambo unaotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Kijana yeyote Makutano akifungua ramani ya matangazo hayo kwenye simu, bila kulipa shilingi, anaona vimshale vya meli zinazosubiri kuingia bandari ya Kilindini. Katikati ya bahari vimshale hupotea kwa asiyelipia setilaiti, na kule Bahari ya Shamu meli nyingine zilizima mtambo kabisa. Nyingine, pale pa kuandika bandari ziendako, ziliandika kwamba mabaharia wote ni Wachina, zisije zikapigwa. Hayo tunayaelewa. Lakini ramani haimsaidii mtu asiyejua jina la meli ya kutafuta.

Hadithi ya magari ndiyo inayotuuma zaidi. Meli inayoleta magari kutoka Japani inapita upande wa Singapore, inakata Bahari ya Hindi, inafika Mombasa. Bab el Mandeb haiko njiani mwake hata kidogo. Nauli zilipanda dunia nzima, hilo kweli, maana safari zikirefuka meli za kutosha hazipatikani. Ila kumwambia mteja kwamba gari lake la Japani limekwenda kuzunguka Afrika ni kumdanganya mchana kweupe. Na uongo huo una hatari yake: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo lililosajiliwa mara ya kwanza 2017 lilitakiwa liwe limefika kabla ya 2025 kuanza. Mwenye mkopo wa sacco anaambiwa angoje tu, na Desemba ndiyo hiyo inaisha.

Tunachodai ni kidogo. Jina la meli na namba ya kontena viandikwe kwenye risiti ya mkulima, na mnunuzi wa gari apewe jina la meli siku gari linapopakiwa. Wapeleka bidhaa na wauza magari wanavyo vyote, kwa sababu hakuna mzigo unaosafiri baharini bila hati ya shehena. Na siku meli zote zitakaporudi Suez, zile wiki mbili zikaondoka, tunataka bei ya kilo shambani ipande upesi vile vile ilivyoshuka.