Kazi Inapogeuka, Mtu Asitupwe

Mitaani kwetu, kuanzia Ubungo hadi Mbagala, husikika mara kwa mara maneno haya: "Fulani kaachishwa, kazi imemshinda." Tuyapime kabla ya kuyakubali. Mara nyingi mtu hakushindwa kazi, bali kazi ndiyo iliyogeuzwa, naye hakuandaliwa.

Mfano tunao karibu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikiwa mali ya umma. Mwaka 1997 kiliingia katika ubia, kampuni ya Kichina ikishika asilimia 51 ya hisa na Serikali yetu 49. Mabadiliko ya namna hii hayaishii katika hati za umiliki. Aliyeajiriwa ili kulijenga Taifa hujikuta akipimwa kwa faida ya mwenye hisa. Ujuzi wake ni uleule, lakini kipimo kimekuwa kingine.

Hatusemi kwamba mabadiliko ni dhambi. Kiwanda kinachopata hasara kila mwaka hakiwezi kulipa mishahara daima. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitufundisha kwamba heshima ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Basi, mtambo mpya ukiletwa, swali la kwanza lisiwe ni nani wa kuondolewa, bali ni nani wa kufundishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu hatua za kuepusha upunguzaji huo. Mafunzo na yawe ya kwanza miongoni mwa hatua hizo. Kiinua mgongo huisha. Ujuzi hubaki na mwenyewe.

Wafanyakazi nao wasingoje barua ya kuachishwa ndipo waisome sheria. Waisome mapema, chamani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Na sisi majirani tuache kumhesabu aliyepunguzwa kuwa mvivu. Amekwisha kunyang'anywa mshahara. Tusimnyang'anye na heshima.