Bibi harusi, anza na taa kabla ya boneti



Msimu wa harusi umeingia na simu zetu zimejaa picha za magari. Zamani mlikuwa mkituuliza kuhusu shela na piko, sasa mnatuuliza kuhusu plastiki. Ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi ya gari na juu ya taa, ambayo mafundi wanaiita PPF, imeshafika kwetu, na kila bwana harusi mwenye uwezo anaambiwa alivishe gari zima kabla ya nikahi. Tumeona tuseme letu, ingawa tunajua wapo mashemeji watakaonuna.

Kilichotusukuma ni mwenzetu mmoja, muuguzi, aliyeolewa miezi michache iliyopita. Anafanya zamu mjini na nyumba yake iko Jambiani. Gari alilopewa ni IST, si jipya, limetoka Japani kama magari yetu mengi. Familia ikakaa kikao na kuletewa bei ya kulivisha gari lote, bei iliyozidi mahari yake. Mjomba akasema sawa, gari la bibi harusi lazima ling'ae. Hakuna hata mmoja pale aliyetazama taa za mbele, ambazo zilikuwa za manjano kama chai ya maziwa.

Maoni yetu ni haya: plastiki hii ni kitu kizuri, lakini pesa yake ya kwanza iende kwenye taa. Boneti ingoje.

Tuwape sababu. Kifuniko cha taa za magari ya siku hizi si kioo. Ni plastiki ngumu, polikaboneti, iliyopakwa kiwandani tabaka jembamba la kuzuia miale mikali ya jua. Tabaka hilo likishaliwa na jua, plastiki huanza kupauka na kuwa ya manjano, na kwa jua letu hili hakuna gari linalosalimika. Mwaka 2018 AAA, jumuiya ya wenye magari ya Marekani, ilipima taa zilizochakaa hivyo ikakuta zinatoa kiasi cha asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Sasa jitie wewe ndani ya gari hilo saa tano za usiku, umeshapita Tunguu, unaingia Jozani, mbele yako kuna baiskeli isiyo na taa na mzee amebeba kuni. Boneti inayong'aa itakusaidia nini hapo?

Lakini plastiki haitibu taa iliyokwisha kuharibika. Ukiibandika juu ya manjano, umeyafunika manjano yako yakae salama. Kwanza taa isuguliwe kwa msasa wa maji, kuanzia ulio mkali kidogo mpaka ule laini kabisa, kisha polishi, isafishwe mpaka irudi nyeupe, ndipo ivishwe. Na ile dawa ya meno mnayotumiana kwenye simu, ndiyo, inasugua, na taa hupendeza. Ila haiachi kinga yoyote, kwa hiyo baada ya muda mfupi manjano yanarudi. Jambo jengine: vijana wanapenda plastiki ya rangi ya moshi juu ya taa. Hiyo inapunguza mwanga. Mwambie kaka yako abandike kwenye gari lake, si lako.

Baada ya taa, kama pesa imebaki, hapo tuzungumze rangi. Hatusemi kulinda rangi ni upuuzi. Anayeishi shamba anajua vile vijiwe vya kifusi vinavyoruka na kudonoa bampa na ncha ya boneti. Pale rangi ilipodonoka chuma kinabaki wazi, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi. Ongeza kinyesi cha kunguru, ambao hapa Unguja hawana adabu, na utomvu wa mwembe kwa anayeegesha kivulini. Plastiki nzuri ya aina hii, ya poliurethani inayovutika, unene wake haufiki robo ya milimita, lakini kijiwe kikija kinaishia juu yake. Zile bora hata mikwaruzo midogo hujifuta zenyewe zikipata joto la jua au maji ya moto. Jua tunalo.

Kwa hiyo bampa la mbele, ncha ya boneti, vioo vya pembeni, na vile vishimo nyuma ya vishikio vya milango ambako pete na bangili zetu huchora kila siku. Hapo ni matumizi yenye akili. Gari zima, mpaka paa, kwa gari lililokwisha tembea miaka mingi kabla halijapanda meli? Sisi tunaliita jina lake, israfu. Mtasema Mtume (S.A.W.) alimwambia yule bwana amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Ndivyo, na sisi tunafunga ngamia. Hatukusikia popote kwamba alimvisha nguo.

Kuhusu fundi, hapa msione haya kuuliza maswali. Kazi hii haifanywi chini ya mti upepo ukivuma, kwa sababu kila chembe ya vumbi itabaki chini ya plastiki milele. Inataka chumba kilichofungwa. Gari linaoshwa, linafutwa mpaka mafuta yote yatoke, linanyunyizwa maji ya sabuni ili plastiki iteleze na kukaa sawa, halafu maji yanasukumwa nje kwa kibao cha mpira, na kingo zinapashwa joto zishike. Mwulize anakataje. Wengine huwa na vipande vilivyokatwa na mashine kwa kipimo cha gari lenyewe. Wengine hukata kwa wembe juu ya gari, na mkono ukiteleza wembe unachora rangi mpaka chuma, nawe hutaona mpaka kutu ianze. Mwulize pia plastiki ni ya aina gani, aoneshe boksi lake. Ile ya bei rahisi ya PVC hupauka na kukakamaa, na kuiuza kwa bei ya ile nzuri ni ghushi, fundi awe na ndevu ndefu kiasi gani.

Kama gari limepakwa rangi upya, subirini. Rangi mpya inahitaji kiasi cha mwezi mmoja ikauke hasa, maana huwa bado inatoa hewa yake. Ikifunikwa mapema hufura. Na hata baada ya mwezi, rangi ya gereji isiyoshika vizuri inaweza kutoka pamoja na plastiki siku ya kuibandua.

Sasa mapambo, maana hapa ndipo harusi zinapoharibu magari. Msipeleke gari kwa fundi Jumatano kwa harusi ya Ijumaa. Plastiki inataka wiki nzima bila kuoshwa wala kuguswaguswa kingo, na vile viputo vya maji vinavyoonekana siku za mwanzo huondoka vyenyewe, mama wa bibi harusi asivitoboe kwa sindano. Wiki mbili kabla ndiyo salama. Na maua yafungwe kwa utepe unaopita kwenye vishikio na vioo. Selotepu hapana. Ikilala juani kutwa nzima, gundi yake inaganda, na anayekuja kuibandua kesho yake ni mdogo wake bwana harusi, kwa kucha na haraka.

Mwenzetu muuguzi alipatiwa taa zake mwishowe. Aliyezilipia ni mama mkwe, si mjomba. Siku moja alirudi naye usiku kutoka mjini, na tangu Tunguu mpaka Paje hakusema neno ila kusoma dua. Walipofika akauliza kama macho ya gari nayo huota mtoto wa jicho. Zikasuguliwa, zikavishwa, asubuhi moja tu. Boneti haikuvishwa kitu, na mpaka leo ina alama mbili za selotepu, moja kubwa upande wa dereva. Anasema haziangalii, kwa sababu usiku sasa ana vya kuangalia huko mbele.