Printa Kuukuu, Linux na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutajwa aghalabu katika mambo ya ndoa na urafiki, lakini katika zama hizi za kompyuta yafaa itajwe hata mbele ya printa. Katika shule na ofisi nyingi za Afrika Mashariki huonekana printa zilizofunikwa kitambaa juu ya kabati, zikikusanya vumbi. Si zote zilizoharibika. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kompyuta mpya ililetwa, mfumo wake wa uendeshaji ukashindwa kuitambua mashine ya zamani, na mashine ikahukumiwa kuwa imekufa ilhali ingali hai. Makala hii inashikilia kwamba hukumu hiyo si ya haki. Kwamba mfumo huria wa Linux waweza kuitengua. Na kwamba kizuizi kikubwa kilichosalia ni cha lugha, kwa hiyo kinawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja.

Mji wa Modogashe unatoa mfano mwafaka. Mji huu uko kwenye njia panda inayokutanisha barabara za Garissa, Isiolo na Wajir. Mwaka 2001 jina lake liliingia katika historia ya Kenya kwa sababu ya hati: Azimio la Modogashe, ambamo jamii za wafugaji wa kaskazini ziliafikiana kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia ya damu. Azimio hilo lilipitiwa upya mwaka 2005. Neno la mzee barazani lina uzito wake, wala hakuna anayelidharau. Hata hivyo, makubaliano yanayopaswa kuheshimiwa katika eneo kubwa namna ile yanahitaji nakala ambazo kila upande unaweza kuzishika mkononi na kuzirejelea. Mji uliojulikana kwa hati haufai kukosa njia yake wenyewe ya kuchapa hati.

Haja hiyo haijapungua. Chini ya mtaala wa umilisi, walimu wa Kenya hupakua karatasi za tathmini kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani na kuzichapa shuleni. Chukulia mwalimu wa Modogashe mwenye kompyuta nyumbani na printa ya miaka ishirini iliyopita. Printa ikigoma, mji wa Garissa uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Gharama ya kugoma huko hailipwi na mwalimu peke yake. Hulipwa pia na mtoto anayesubiri karatasi.

Kwa nini printa nzima ikatae kufanya kazi? Sababu ni kwamba kompyuta na printa hazisemi lugha moja. Kati yao pana programu ndogo, kiendeshi, inayofanya kazi ya mkalimani. Kampuni iliyounda printa ikiacha kuandika mkalimani huyo kwa ajili ya mifumo mipya, mwenye printa hushauriwa anunue nyingine. Tatizo hili ni la kale, na lina nafasi ya pekee katika historia ya programu huria. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi kila mara, akanyimwa msimbo wake. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akatoa kiini cha Linux, na viwili hivyo vikaungana kuwa mfumo unaotumika hadi leo. Anayefufua printa kuukuu kwa Linux, basi, anarudi kwenye chimbuko la jambo lenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Katika Linux, uchapaji husimamiwa na programu iitwayo CUPS, iliyotolewa mwaka 1999. Pamoja nayo kuna hazina ya viendeshi, kama vile Gutenprint, na HPLIP inayotolewa na kampuni ya HP yenyewe. Printa kama HP LaserJet 1200 haina shida, kwa kuwa inaelewa lugha za uchapaji zinazojulikana kote, PCL na PostScript. Ndugu yake, LaserJet 1020, ni mkaidi zaidi: haihifadhi programu yake ya ndani, hivyo kila inapowashwa lazima kompyuta iipelekee upya. Asiyejua siri hii hudhani mashine ni mbovu. Anayeijua hupakua faili inayohitajika mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, na tatizo likaisha. Tahadhari ni lazima, hata hivyo. Printa za wino wa maji zisizotumika mara kwa mara hukauka matundu, hasa penye joto na ukavu kama wa Modogashe, na hapo Linux haina dawa. Printa za leza, zinazotumia wino wa unga, hustahimili zaidi.

Lugha ndiyo kiini cha hoja. Maelezo ya namna hii yamejaa tele kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Kwa Kiswahili ni haba. Haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyejaribu. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Lakini kutafsiri maneno ya menyu ni jambo moja, na kumshika mtu mkono hadi karatasi itoke ni jambo jingine. Wataalamu wamebishana kama kifaa hiki kiitwe printa au kichapishi. Neno kiendeshi nalo hutumiwa na wengine kwa kifaa cha kusomea diski na kwa programu ya mkalimani pia. Mijadala hiyo ina nafasi yake. Kosa ni kuifanya sharti la kuanza kuandika.

Je, Kiswahili kinashindwa? Jaribu, msomaji, maneno haya: Unganisha printa na kompyuta kwa waya wa USB, kisha iwashe. Fungua kivinjari, na mahali pa anwani andika localhost:631; ukurasa huo umo ndani ya kompyuta yako, hauhitaji intaneti. Ingia sehemu ya usimamizi, uongeze printa. Jina lake likionekana, lichague; lisipoonekana, chagua printa ya kampuni ileile inayokaribiana nayo. Chapa ukurasa wa majaribio kabla ya kuchapa kazi yako. Hapo hapana neno lililohitaji kamati.

Wapo watakaosema kwamba lugha ya nyumbani Modogashe ni Kisomali, si Kiswahili. Ni kweli, na mwongozo wa Kisomali utakuwa na faida yake. Hata hivyo, Kiswahili hufundishwa katika kila shule ya mji huo, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mwalimu namna ya kuchapa mtihani ni rasmi kwa jina tu.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila mwanafunzi wa idara ya Kiswahili ashirikiane na mwenzake wa idara ya kompyuta, waandike mwongozo mmoja wa kurasa mbili, na wausome mbele ya mtu asiyejua lolote, printa halisi ikiwa mezani. Karatasi isipotoka, mwongozo uandikwe upya. Uwe pia ukipitiwa kila baada ya muda, kwani watunzaji wa CUPS wameshatangaza kwamba toleo la 3 litaacha viendeshi vya mtindo wa zamani na kupokewa na programu maalumu za printa. Tenzi za Lamu na Pate zimetufikia kwa sababu wanakili kama Muhamadi Kijuma waliketi na kalamu wakazinakili. Kizazi cha leo hakikuombwa kunakili kwa mkono. Kimeombwa kueleza tu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, jinsi ya kuiamsha mashine iliyolala juu ya kabati.